Kindege kikipata ajali wakati wa kutua, tatizo huwa limeanza juu kabla matairi hayajagusa chini

Ikitokea tu habari kwamba kindege kimepinduka sehemu wakati kinatua, huku kwetu kusini majibu yanakuwa tayari kabla uchunguzi haujaanza. Kijiweni Mtwara utasikia injini imezima, kwenye magrupu ya WhatsApp ya Lindi utaambiwa rubani alikuwa amelewa, mwingine anakuja na ile ya ndege mtumba, halafu anatokea wa kukumbushia Bukoba ya tarehe 6 Novemba 2022 na kusema si mnaona, ndege ni zile zile. Sio zile zile jamani. Ile ya Bukoba ilikuwa ATR 42 ya Precision Air, ndege ya abiria ya ratiba, injini mbili, marubani wawili, ilibeba watu 43 na 19 kati yao walifariki ziwani. Msiba ule una mambo yake na unastahili maelezo yake. Mimi leo nataka tuongelee hizi ndogo, kwa sababu watu wanazipanda kwa woga ambao haujakaa mahali pake, wanaogopa kitu ambacho mara nyingi hakiui na kile chenye hatari kweli hawakijui kabisa.

Tuelewane kwanza maneno. Nikisema ndege ndogo ya binafsi namaanisha ile yenye panga (propela) moja mbele, viti vinne au sita, rubani mmoja, inamilikiwa na mtu, kampuni, klabu au misheni, na haiuzi tiketi. Mfano unaojulikana zaidi duniani ni Cessna 172, imeanza kutengenezwa miaka ya 1950 na mpaka leo zimeshatoka zaidi ya 40,000, hakuna ndege iliyotengenezwa kwa wingi kuizidi. Ikiwa imejaa watu na mafuta ina uzito wa kama tani moja na kidogo, yaani ni nyepesi kuliko magari mengi unayoyaona stendi. Uzito huo ukumbuke maana tutaurudia kwenye upepo. Na ranwei ni ile njia yenyewe ya kurukia na kutulia, iwe lami kama ya Mtwara au changarawe na nyasi kama viwanja vingi vya vijijini na hifadhini.

Sasa kutua. Wengi wanadhani kutua ni ile sekunde matairi yanapogusa, kumbe ile ni mwisho tu wa kazi iliyoanza kilomita kadhaa nyuma. Rubani anajipanga sambamba na ranwei, anapunguza moto, yaani nguvu ya injini, anashusha vile vibao vya nyuma ya bawa vinavyosaidia ndege kwenda taratibu bila kudondoka, anashuka kwa mteremko wa mpole, Cessna 172 hapo inakuwa kwenye spidi ya kama kilomita 120 kwa saa. Ikibaki mita chache tu juu ya ardhi ananyanyua pua kidogo ili mteremko uishe, ndege inaelea, spidi inakufa, matairi ya nyuma yanagusa kwanza, halafu la mbele linashuka lenyewe. Baada ya hapo bado kuna kukimbia chini mpaka kusimama, na hapo napo ajali zipo nyingi tu.

Ukichukua ajali zote za ndege ndogo, kutua ndo kunaongoza kwa wingi. Hilo linatisha watu. Ila kuna upande wa pili ambao hausemwi: nyingi ya ajali hizo haziui mtu. Ndege inatoka nje ya ranwei, tairi la mbele linakunjika, panga linapiga chini, bawa linakwaruza, watu wanafungua mkanda wanatoka kwa miguu yao wakiwa wanatetemeka. Sababu ni kwamba ndege iko karibu na ardhi na iko kwenye spidi yake ndogo kuliko wakati wowote wa safari. Zile zinazoua wakati wa kutua ni za aina nyingine na nitazifikia.

Spidi ndo mzizi wa mambo mengi hapa. Nguvu ambayo breki zinatakiwa kuimaliza haipandi sawasawa na spidi, inapanda kwa spidi mara spidi. Rubani aliyetakiwa aje na kilomita 110 akija na 130 anaona kaongeza kidogo tu, kumbe nguvu ya kusimamisha imeongezeka kwa asilimia 40 hivi. Na kabla ya hizo breki kuna kuelea, maana ndege yenye spidi ya ziada haitaki kukaa chini, inateleza hewani juu ya ranwei huku mita zinaisha. Kwenye uwanja wa Mtwara ambao ranwei yake imerefushwa mpaka mita 2,800 unaweza ukaelea na bado ukabakiwa na nafasi ya kutosha. Kwenye kiwanja cha nyasi chenye mita 800 na mikorosho mwisho wake, hiyo hiyo spidi ya ziada inakupeleka kwenye mikorosho.

Upepo unafanya hesabu hii iwe kali zaidi. Ndege inapaa na kutua kwa spidi ya hewa inayopita kwenye bawa, ila inasimama kwa spidi ya ardhi, na hizo mbili hazifanani. Tuseme unakuja na 110 ya hewani na upepo ni wa kilomita 20. Ukitua ukiwa umeukabili upepo, ardhini unagusa na 90. Ukitua upepo uko mgongoni, unagusa na 130. Ndege ni ile ile, rubani yule yule, siku ile ile, lakini nguvu ya kusimamisha imezidi mara mbili. Ndo maana rubani anaweza kuzunguka uwanja mzima kuja upande wa pili wakati nyie mnaosubiri chini mnaona alikuwa ameshanyooka vizuri tu. Anaufuata upepo, na sisi wa pwani ya kusini tunajua wenyewe upepo huu haukai sehemu moja, kipindi cha kusi unatoka kusini na kipindi cha kaskazi unageuka, alafu mchana jua likishapasha nchi kavu unaingia ule wa baharini na mara nyingi nguvu yake ni kuanzia saa saba, saa nane hivi. Kama ranwei imelala kaskazini kwenda kusini basi ule wa baharini unakuja ubavuni.

Na upepo wa ubavuni ndo mwalimu mkali wa ndege ndogo kwa sababu ya ule uzito niliousema. Aliyewahi kuvuka kwenda Msangamkuu kwa mashua anajua nahodha haelekezi omo moja kwa moja gatini kama mkondo una nguvu, anailekeza juu kidogo ya pale anapotaka kufika, chombo kinaenda upande upande lakini kinafikia pale pale. Rubani anafanya hivyo hivyo, anakuja pua ikiwa imegeukia upepo, ndo maana ukiwa chini unaiona ndege inakuja imekaa mshazari unadhani imepotea. Ila kuna tofauti kubwa, mashua inaweza kugusa gati upande upande, ndege haiwezi kugusa lami hivyo, matairi yanatakiwa yaangalie mbele kabisa. Kwahiyo kwenye zile sekunde za mwisho anainyoosha kwa kukanyaga pedali, na papo hapo analaza bawa la upande wa upepo lishuke kidogo ili asisukumwe nje ya mstari. Mikono inafanya hivi, miguu inafanya vile, na upepo wenyewe haujatulia. Akichelewa kuinyoosha matairi yanakamata lami yakiwa kombo, ndege inazunguka au inaruka nje ya njia. Cessna 172 ilijaribiwa na watengenezaji kwenye upepo wa ubavuni wa kama kilomita 28 kwa saa. Ile soksi ya upepo uwanjani, mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo, mara nyingi ikinyooka kabisa bila kulegea ujue upepo umefika hapo au umepita.

Nieleze na kuruka-ruka, kwa sababu video zake zinasambaa sana na maelezo yake huwa ya uongo. Ndege imekuja na spidi kidogo zaidi, matairi yanagusa kwa nguvu, inadunda inarudi juu mita moja au mbili. Hapo bado hakuna ajali. Rubani anashtuka anaona pua iko juu, mkono unasukuma usukani mbele ili airudishe chini. Pua inashuka kuliko alivyotaka, safari hii tairi la mbele ndo linagusa kwanza, na lile halijatengenezwa kubeba mzigo huo, linaisukuma pua juu tena kwa nguvu kuliko mwanzo. Anasukuma tena. Mkono wake kila mara uko nyuma ya ndege kwa nusu sekunde, na kila mdundo ni mkubwa kuliko uliopita, mpaka kwenye wa tatu hivi mguu wa mbele unakatika na panga linachimba lami. Watu wanasema tairi lilikuwa bovu. Tairi lilikuwa zima kabisa. Kilichotakiwa ni kwamba kwenye mdundo wa kwanza tu aongeze moto mpaka mwisho, aache kupigana nayo, apande juu aje tena.

Hapo ndo nilipokuwa napataka. Kughairi kutua ni kitendo cha kawaida ambacho kila rubani anafundishwa toka masomo ya mwanzo, na ndo dawa ya karibu kila kitu nilichokitaja juu, spidi imezidi, upepo umekusukuma, umedunda, umeona mbuzi kwenye ranwei, unaweka moto unapanda. Lakini sisi abiria na watazamaji tumelifanya liwe aibu. Ndege ikipanda tena bila kutua utasikia ameshindwa, hajui, tungekufa leo. Abiria anashuka analalamika, bosi mwenye ndege anaangalia saa, kuna gari linasubiri, kuna kikao Masasi. Rubani ni binadamu, maneno hayo anayo kichwani wakati ana sekunde mbili za kuamua. Mimi nalisema hili kwa uzito wote, kwamba rubani aliyeghairi kutua mara mbili halafu akaenda kutua uwanja mwingine amefanya kazi yake vizuri kuliko yule aliyelazimisha akapigiwa makofi.

Na sio kila kupita chini ni kughairi. Kwenye viwanja vya hifadhini, mfano kule Nyerere, na hata hivi vya vijijini visivyo na uzio, rubani mara nyingi anapita kwanza chini chini juu ya ranwei bila nia ya kutua. Anaangalia kuna nyumbu au ng'ombe, kuna dimbwi la maji, nyasi zimekuwa ndefu kiasi gani, na kelele zake zinafukuza wanyama. Watoto wanashangilia wakidhani anawapa shoo, lakini anakagua.

Tuje kwenye zile zinazoua. Ya kwanza ni kona ya mwisho. Kabla ya kunyooka na ranwei ndege ndogo inakata kona ikiwa na urefu wa kama mita 150 tu kutoka chini, spidi imeshapunguzwa. Tuseme upepo ulikuwa unamsukuma, akajikuta amepitiliza ule mstari wa ranwei. Anataka kurudi, anailaza ndege zaidi na kuvuta usukani ili ikate haraka. Sasa bawa likiwa limelazwa linabeba mzigo mkubwa kuliko likiwa tambarare, ndege ikilazwa nyuzi 60 kwenye kona bila kupoteza urefu mzigo unakuwa mara mbili kabisa ya uzito wa ndege. Ukivuta zaidi, bawa linainuka mno dhidi ya hewa inayolijia, hewa inashindwa kulifuata mgongo wake, na bawa linaacha kubeba. Moja linaweza kuacha kabla ya mwenzake, ndege inajipindua inaelekea chini. Injini inanguruma vizuri muda wote huo. Ukiwa juu mita 1,000 unashusha pua, spidi inarudi, bawa linashika, unaendelea. Ukiwa mita 150 ardhi inafika kabla. Na dawa yake ilikuwa ni ile ile, umepitiliza mstari, usiulazimishe, panda uzunguke tena.

Ya pili ni kulazimisha kushuka kwenye mvua au wingu kutafuta uwanja usiouona, na ukiwa na maeneo kama Masasi yenye milima ya mawe iliyosimama peke yake utaelewa kwanini hilo halina mchezo. Ya tatu ni kughairi kwa kuchelewa, rubani ameshagusa, ameshafunga breki, ranwei imebaki kidogo, ndo anakumbuka kuondoka, spidi haitoshi na miti iko mbele.

Sasa ile hoja ya injini. Ni kweli injini zinazimika, siwezi kukataa, ila injini ikizimika ndege haidondoki kama jiwe. Cessna 172 bila injini inateleza kama mita tisa mbele kwa kila mita moja inayoshuka, ukiwa juu mita 1,000 unayo kama kilomita tisa za kutafuta uwanja, shamba lililolimwa au ufukwe. Rubani mwanafunzi anafanyishwa zoezi hilo mpaka alizoee.

Na kuna jambo la injini ambalo ukilisema huku kwetu watu wanakukatalia, nalo ni barafu. Ndege ndogo nyingi za zamani zina kabureta, na ndani ya kabureta mafuta yanapogeuka mvuke na hewa inapopita kwenye tundu jembamba joto linashuka sana, linaweza kushuka nyuzi 20 na zaidi. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi. Kwahiyo siku ya nyuzi 25 Mikindani, watu wanajipepea, ndani ya kabureta panaweza kuganda barafu ikaziba njia ya hewa, na hatari ni kubwa zaidi wakati wa kushuka kwa sababu rubani amepunguza moto. Ndo maana kwenye ndege hizo kabla ya kushuka anavuta kitufe kinachoingiza hewa ya moto kwenye kabureta. Unyevu huo huo unaleta maji kwenye matenki. Ukimuona rubani asubuhi anazunguka ndege na kikombe kidogo cha plastiki anakinga mafuta chini ya bawa anakiinua juu kwenye mwanga, anatafuta maji. Petroli ya ndege hizi imetiwa rangi ya bluu, na maji yakiwepo yanatulia chini yake meupe, mstari unaonekana kabisa. Anayamwaga, anakinga tena mpaka iwe bluu tupu. Usimharakishe mtu anayefanya kazi hiyo.

Kuna na macho kudanganya. Rubani aliyezoea ranwei pana akienda kwenye kiwanja chembamba macho yanamwambia yuko juu sana, maana ranwei inaonekana ndogo kama vile iko mbali, basi anashuka zaidi na kujikuta chini mno kabla hajafika. Aliyezoea chembamba akija kwenye pana inakuwa kinyume, anaona ardhi imeshafika, ananyanyua pua mapema, spidi inaisha akiwa bado hewani na ndege inajibwaga. Halafu kutua kwa kishindo siku ya mvua sio lazima kuwe kubaya, ranwei ikiwa na maji rubani anataka matairi yapasue maji yashike lami, kule kutua kwa upole wanakosifia abiria kunaweza kuyaacha yanateleza juu ya maji. Nyasi mbichi nazo zinateleza vibaya, ile ranwei iliyotosha kiangazi inaweza isitoshe masika.

Abiria tunachangia pia kwenye mizigo. Ukiambiwa gunia hili halipandi au likae mbele usibishane. Mzigo ukizidi nyuma pua inataka kupanda yenyewe, na spidi ikishapungua wakati wa kutua usukani unakuwa hauna nguvu ya kutosha kuirudisha. Na mzigo usiofungwa ndege ikisimama ghafla unakuja mbele na kukukuta kisogoni. Mkanda wa begani ufunge, sio ule wa kiunoni peke yake, kwenye ajali hizi za spidi ndogo ndo unaozuia kichwa kisiende kwenye dashibodi.

Kuhusu uchunguzi, watu wengi wanasubiri kisanduku cheusi. Ndege nyingi za aina hii hazina. Wachunguzi wanasoma vitu vingine, alama za matairi kwenye ranwei zimeanzia wapi na zimekata upande gani, vile vibao vya bawa vilikuwa vimeshushwa kiasi gani, na panga limepinda vipi, maana panga lililogonga chini likiwa linazungushwa na injini yenye nguvu linapinda na kukwaruzika tofauti na lililokuwa limesimama. Yule wa kijiweni aliyesema injini imezima, jibu lake mara nyingi lipo pale pale kwenye panga. Kwa utaratibu wa Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, ule mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga ambao nchi zinaufuata, lengo la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine isitokee na sio kumtafuta wa kumlaumu, na ripoti ya awali inatakiwa ndani ya siku 30.

Kwahiyo ikitokea karibu na kwenu, kitu cha kwanza ni watu. Sogea kwa nyuma au ubavuni, usipite mbele kwenye panga hata kama limesimama, zima sigara na uzuie wengine wasiwashe chochote maana petroli inaweza kuwa inavuja kwenye mabawa na matenki mengi yako humo. Watoe waliopo, piga simu polisi na uwanja wa karibu. Ukishamaliza hapo usikunje wala kuchukua hata kipande, usiburuze ndege ili ranwei ifunguke, na wazuie bodaboda wasikanyage zile alama za matairi. Kama una simu zipige picha alama hizo na ile soksi ya upepo ilivyokaa dakika hiyo, uwape wachunguzi wakifika, maana mvua moja tu inazifuta na upepo wa saa ile hakuna atakayeweza kuurudisha.